Samadi ya Kajiado: Kumbukumbu Inayouzwa kwa Lori

Mvua ya masika ilipokaribia nilinunua samadi, pikapu moja, kwa ajili ya sukumawiki nyuma ya nyumba yangu hapa Kitengela. Aliyeileta aliniambia tu kwamba imetoka kwenye boma la zamani upande wa Isinya. Nilipokuwa nikiivunjavunja kwa jembe, ikatoka betri ya tochi iliyooza, kipande cha mfupa wa mbuzi, na ushanga mmoja wa buluu, mdogo kama punje ya mtama. Betri niliitupa. Mfupa ulichukuliwa na mbwa wa jirani. Ushanga niliuosha, nikauweka dirishani, na tangu siku hiyo kila lori la samadi linalopita barabara ya Namanga hulisindikiza kwa macho mpaka lipotee.

Malori hayo si machache. Wafugaji wa Kajiado huuza samadi ya mazizi yao, nayo hupelekwa kwa wakulima wa Kiambu na kwingineko nyanda za juu, ambako mashamba ni madogo na ng'ombe ni wachache. Ni biashara halali, inalisha pande mbili, na sina ugomvi nayo. Kinachonikosesha raha ni kwamba samadi ya boma lililohamwa siku nyingi si mbolea tu. Kwa nchi hii kavu, ambayo watu wake wa kale hawakujenga kwa mawe wala kuandika kwa wino, samadi ndiyo daftari.

Tulitazame boma lenyewe. Kimaasai huitwa enkang. Wageni, na Wakenya wengi pia, huliita manyatta, ingawa kwa wenyewe emanyatta ni kijiji cha morani chenye shughuli zake. Enkang ni makao ya familia: duara la ua wa miiba, nyumba zimejipanga zikifuata ua huo kwa ndani, na katikati umeachwa uwanja ambamo ng'ombe hulala. Ua ni kazi ya wanaume, ambao hukata matawi ya migunga na kuyapanga ili miiba ielekee nje. Nyumba, enkaji, ni kazi ya wanawake: fito, majani, na lipu ya samadi iliyokandwa na udongo. Kila lango lina mwenyewe. Wake wa mzee mmoja hujenga kulia na kushoto kwa lango lake kufuatana na walivyoolewa, na neno la lango, enkishomi, hutumika pia kuitaja jamaa inayopita hapo. Mtu akichora ramani ya enkang moja, amechora ndoa, watoto na mifugo kwa mkupuo.

Kisha siku moja watu wanahama. Huenda malisho yameisha, au tope la samadi limefika magotini wakati wa mvua, au kupe wamezidi, au kumetokea kifo. Mchwa hula fito, ua hugeuka kuni, mvua huyeyusha lipu. Baada ya miaka kumi hivi mpita njia haoni ukuta wala msingi. Mahame hayo huonekana kama uwanda mtupu, na kwa mwenye kununua ploti ni uwanda mtupu kweli.

Kwingineko duniani, aliyetaka kujizungushia alichimba. Uingereza imehesabu makao zaidi ya 5,000 ya karne za kati yaliyozungukwa na handaki la maji, mengi yakiwa yamechimbwa kati ya mwaka 1200 na 1350. Wengi wa wenyewe hawakuwa wafalme. Walikuwa watu wenye mashamba ya kadiri, wenye ghala la kulinda na majirani wa kuringia. Handaki lilimzuia mwizi, lilifugiwa samaki, na zaidi ya yote lilimwonyesha mpita njia nani mwenye nacho. Leo wanaakiolojia huyapenda mahandaki hayo kwa sababu ambayo wachimbaji wake hawakuiwaza: tope lake halipitishi hewa, kwa hiyo ngozi, mbao na mbegu zilizotupwa humo hazikuoza. Fahari ya bwana iligeuka jaa, na jaa hilo ndilo linalotueleza alikula nini.

Lakini ndugu wa karibu zaidi wa enkang yuko Ireland. Huko kumebaki alama za maboma ya mviringo yapatayo 45,000, mengi yakiwa ya kati ya mwaka 500 na 1000: mtaro wa duara, tuta la udongo kwa ndani, na katikati nyumba za familia moja. Wakazi wake walikuwa watu wa ng'ombe. Utajiri wao, mahari yao na faini zao zilihesabiwa kwa ng'ombe, na kuvamia jirani ili kumnyang'anya mifugo kulikuwa ushujaa wa kusifiwa. Mzee wa Ilkaputiei, Wamaasai ambao nyika hii ya Kitengela ni kwao, asingehitaji mkalimani kuelewa tuta lile lilijengwa kwa ajili ya nani.

Afrika Mashariki nayo ilichimba. Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga nchini Uganda, ina mahandaki ya urefu wa zaidi ya kilomita 10, mahali pengine yakishuka karibu mita 4, mengine yakikata mwamba. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba hapo mwaka 1960. Masimulizi ya wenyeji hupahusisha na Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi hayo. Mifupa na ukubwa wa eneo hupahusisha na ng'ombe, wengi mno. Kwa wenzetu wa Bungoma, Wabukusu walizungusha vijiji vyao kuta za udongo zenye mtaro nje, na ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, ilishambuliwa na Waingereza mwaka 1895 watu wakiwa ndani. Migori wana Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikilia, iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zile zinasimama, kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba pale paliishi watu.

Habari iliyonigusa zaidi ni ya mashimo ya Wasirikwa. Kuanzia Nakuru hadi Uasin Gishu na kupita, milimani kuna mamia ya mabonde madogo ya mviringo, kama sahani zilizobonyezwa ardhini, kila moja likiwa na upana wa mita kumi au zaidi. Wazee wa Kikalenjin walisema ni ya Wasirikwa, watu waliotangulia. Wazungu wa kwanza kuyaona walidhani ni nyumba zilizochimbwa chini. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, nje ya Nakuru, mwaka 1937, na baadaye mwanahistoria John Sutton akazunguka nyanda za juu za magharibi akiyapima moja baada ya jingine. Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1973, lilikuwa la kawaida kiasi cha kuchekesha: ni mazizi. Ng'ombe walilala shimoni, watu walilala kwenye kibanda kilichounganishwa na shimo, mlango wa zizi ulielekea mteremkoni, na kila walipoliondoa tope la samadi walilirundika nje ya lango. Rundo hilo likawa kilima kidogo. Sutton alilitambua zizi kwa sababu ya kilima kile cha uchafu. Mashimo hayo yalitumika kwa karne nyingi, tangu 1200 hivi hadi 1700 na ushei, kisha yakaachwa wakati vita vya kuvizia mifugo vilipogeuka vya mwendo mrefu na zizi la shimoni likawa mtego kwa mwenyewe.

Sasa rudi Kajiado. Hapa hakuna handaki. Mfugaji anayefuata mvua hana sababu ya kuchimba mtaro atakaouacha baada ya misimu michache, na ulinzi wa ng'ombe wake ulikuwa miguu ya vijana wake zaidi ya urefu wa tuta. Kwa mtaalamu wa zamani aliyefunzwa kutafuta kuta, huo ulikuwa msiba. Hata ua wa miiba hausaidii, kwa kuwa matawi hulazwa juu ya ardhi na hayaachi mashimo ya nguzo. Matokeo yake ni pengo la ajabu katika historia ya kaunti hii. Tuna Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walifanya kazi miaka ya 1940 na ambako mashoka ya mawe yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka yametapakaa yakitazamwa na watalii. Halafu tuna reli iliyovuka nyika ya Athi mwaka 1899, na mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai. Katikati, ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari, hakuna kitu. Ni kama nchi nzima ilikwenda matembezi.

Haikwenda. Wafugaji waliingia kusini mwa Kenya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na kwenye kilima cha Lukenya, ng'ambo ya Mto Athi upande wa Machakos, kumepatikana vyungu vyao na mifupa ya ng'ombe wao. Swali lilikuwa namna ya kuyapata makao yao huku uwandani, mahali pasipo na kilima wala pango.

Jibu lilitafutwa Rombo, kusini mwa kaunti hii, chini ya Kilimanjaro. Mwanaakiolojia Ruth Shahack-Gross na wenzake waliyaendea mahame ya Kimaasai yaliyoachwa kwa vipindi tofauti, mengine hivi karibuni, mengine miongo kadhaa nyuma, wakiongozwa na watu waliokumbuka nani alilala wapi. Wakachukua udongo wa zizini, wa sakafu ya nyumba, wa jalalani na wa nje ya ua, wakautia chini ya hadubini. Waliyoyachapisha mwaka 2003 yamebadili kazi ya uchimbaji katika nchi za wafugaji kote.

Samadi, walieleza, haipotei. Inanywea. Sehemu inayooza huoza, rundo hushuka, na kinachobaki ni tabaka jembamba la kijivu. Ndani yake mna vijiwe vya silika ambavyo nyasi hujijengea kwenye seli zake, vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ambavyo havikuyeyuka tumboni mwa ng'ombe. Zizini huwa vingi kupita kiasi, vingi kuliko mahali popote nyasi zinapoota zenyewe. Pia mna punje za mviringo za chokaa ambazo hutengenezwa tumboni mwa mnyama anapoyeyusha chakula, ingawa hizo hazidumu kila mahali. Na tabaka lenyewe limelala kwa utando juu ya utando, kama chapati za kusukuma, kwa sababu ng'ombe walilikanyaga kila usiku. Udongo wa nyumbani hauna sura hiyo, wala wa nje ya ua. Kwa maneno mengine, hata ua ukigeuka kuni na nyumba ikageuka mchwa, bado inawezekana kusema: hapa walilala ng'ombe, pale alipika mama.

Kipimo hicho kikapelekwa nyuma. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Fiona Marshall kuhusu mahame matano ya wafugaji wa kale katika Narok, majirani zetu, ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Baada ya muda wote huo udongo wa mazizi yale bado ulikuwa na fosforasi, kalisiamu na magnesi nyingi kuliko udongo wa pembeni. Ng'ombe alikula mbali, akalala karibu. Kwa hiyo kila jioni alibeba rutuba ya nyika yote na kuiweka mahali pamoja. Nyasi zinazoota hapo ni tamu, miti haijazani, na swala na nyumbu huja kula. Kwenye tambarare za Amboseli, watafiti David Western na Andrew Muchiru wamefuatilia hali hiyohiyo katika mahame ya Kimaasai: boma linahamwa, kwanza panakuwa jangwa la samadi, kisha panaota mimea ya ajabuajabu, kisha nyasi laini, na alama haifutiki kwa miongo mingi.

Nawaomba wanaopenda wanyamapori watafakari hapo kidogo. Mbuga tunazowaonyesha wageni tukisema ni asili isiyoguswa na mtu zimepandwa viraka vya malisho na wafugaji kwa miaka elfu tatu. Nairobi ilipotengewa hifadhi yake ya taifa mwaka 1946, mfugaji alielezwa kama mvamizi wa wanyama. Yeye na ng'ombe wake ndio waliokuwa wakiwatengea meza.

Sitaki kutia chumvi. Samadi haina kabila. Tabaka la kijivu la miaka 2,000 halikuachwa na Wamaasai, ambao walifika nyanda hizi baadaye sana, na anayetarajia kulibeba mahakamani kama hati ya shamba atakuwa amepoteza nauli. Linasema kwamba hapa palifugwa, kwa muda gani, na mifugo ilikula nini. Hayo tu, nayo ni mengi kuliko tulivyokuwa nayo.

Kuna jambo jingine linaloudhi kidogo. Western huyohuyo, na mwenzake Dunne, waliandika mwaka 1979 kuhusu namna Wamaasai wa Amboseli wanavyochagua mahali pa boma: mteremko mdogo, udongo mwepesi unaonyonya maji, mbali na mfinyanzi mweusi. Sisi tuliohamia Kitengela tumejenga juu ya mfinyanzi mweusi uleule. Kiangazi unapasuka, masika unavimba, na kila mwenye nyumba anajua gharama ya kuuchimba wote na kujaza mawe kabla ya kuinua ukuta. Ningeuliza mama yeyote wa enkaji kabla ya kulipia ploti, ningejiokolea nyufa mbili za sebuleni.

Mji wenyewe umekua kama moto wa nyasi. Sheria ya mwaka 1968 ilifungua njia ya kuigawa Kajiado katika ranchi za vikundi. Miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa kwa watu mmoja mmoja. Mwaka 1990 eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje likaanzishwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na aliyekuwa na ekari mia akaanza kukata robo robo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili waiache wazi wanyama wapite. Linganisha na bei ya ploti, utaona ni kwa nini seng'enge zilishinda.

Na seng'enge ni ua pia. Nchi hii haijawahi kuzungushiwa ua kiasi hiki. Mwanaakiolojia Mette Løvschal wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, ambaye amesoma mipaka ya mashamba ya kale ya Ulaya, alikwenda Mara kuangalia ua ukizaliwa mbele ya macho yake. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba katika sehemu zenye nyua nyingi zaidi, eneo lililozungushiwa lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 tangu 2010. Kitengela ilitangulia njia hiyo zamani. Na ua wenyewe unaendelea kubuniwa: Richard Turere, aliyekulia hapa kwenye mpaka wa hifadhi, alikuwa mtoto alipofunga taa za kumetameta kuzunguka zizi la baba yake ili simba wadhani kuna mtu anayetembea na tochi, na mwaka 2013 akasimama jukwaani California kueleza. Mwanaakiolojia wa miaka 500 ijayo atakuta nyaya na vigae vya sola kwenye duara, na atakuna kichwa.

Kama duara litakuwapo. Mahame yanaondoka kwa njia mbili. Moja ni msingi wa nyumba: katapila linakwangua, tabaka la kijivu linachanganywa na kifusi, zege linamwagwa. Nyingine ni koleo la mpakia samadi, ambaye huchimba mpaka afike udongo mwekundu, kwa kuwa samadi ya chini, iliyokaa sana, ndiyo mnunuzi anayoitaka. Mjenzi anafunika ushahidi, mpakia samadi anauondoa kwa mpangilio, tabaka kwa tabaka, kama mwanaakiolojia hodari asiye na daftari.

Sheria tunayo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na inamtaka anayevumbua mahali pa kiakiolojia aijulishe Makumbusho ya Taifa. Lakini macho ya sheria yamezoea kitu: chungu, ukuta, kaburi, shoka. Tabaka la kijivu lenye unene wa kiganja halifanani na urithi machoni pa mkaguzi wa mazingira anayepita mara moja na gari kabla ya mradi kuidhinishwa. Ningependa taarifa za athari za mazingira za Kajiado ziwe na mstari mmoja wa lazima: je, eneo hili lina mahame ya boma, na nani ameulizwa? Wazee wa Isinya na Ilbisil wanajua walikozaliwa. Picha za setilaiti zinaonyesha maduara ya nyasi za rangi tofauti kwa yeyote mwenye simu. Mwanafunzi mmoja wa chuo, kwa likizo moja, angeweza kuyachora yote yaliyobaki kati ya Kitengela na Kajiado mjini.

Kwa aliye na ploti, ombi langu ni dogo. Fundi akichimba msingi akakuta tabaka laini la kijivu kama jivu, lenye mifupa au shanga au vigae, msimamishe kwa saa moja. Piga picha pamoja na kitu cha kuonyesha kina. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Usichimbe zaidi kwa udadisi, kwa maana uchimbaji wa kiakiolojia unahitaji leseni; wapigie Makumbusho ya Taifa, kisha waulize majirani Wamaasai ni boma la nani. Na kwa anayenunua samadi, muulize dereva jina la mahali ilikotoka, uliandike.

Mimi sikuuliza. Nilipompigia simu baadaye, kijana aliyeniletea alisema wiki ile walikuwa wamepakia kutoka maboma matatu na hakumbuki yangu ilikuwa ya lipi. Ushanga bado uko dirishani.